Wenye kazi za mikono na kalamu hapa Lamu: kwa nini tunafichana nakshi badala ya kuinuana?

MCHORA KOFIA (mwanzisha uzi)

Assalamu alaikum, wanajamvi. Uzi huu nimeufungua kwa ajili ya watu wa Lamu, na jirani zetu wa Malindi pia, ambao riziki yao inatokana na kitu wanachokibuni wenyewe: mshona kofia, mchonga milango, msuka mikeka, mtunga kasida, na hata kijana mwenye kamera. Nataka tulizungumze kwa uwazi jambo ambalo barazani tunalizungumza kwa mafumbo, nalo ni kwamba mbunifu siku hizi anamwogopa mbunifu mwenziwe kuliko anavyomwogopa mlanguzi anayempunja.

Naanza na kazi ninayoijua. Kofia ya mkono ya hapa kwetu haitoki mikononi mwa mtu mmoja, ingawa mnunuzi hudhani hivyo. Yuko anayechora nakshi juu ya kitambaa cheupe. Yuko anayetoboa matundu na kuyazungushia uzi, tundu baada ya tundu, ambaye mara nyingi ni mwanamke anayeishona nyumbani kwake katikati ya shughuli nyingine zote za siku. Kisha yuko anayeunga duara la juu na ukanda wa pembeni, akaifua na kuitia wanga mpaka ikasimama. Kofia iliyokazwa vizuri huchukua miezi. Mchoraji asiyepata mshonaji mwenye subira hana cha kuuza, na mshonaji hodari akipewa nakshi iliyopotoka vipimo, uhodari wake wote utaonekana kuwa kasoro. Kazi yenyewe basi ilipangwa tangu asili iwe ya watu kutegemeana.

Soko halikupangwa hivyo. Mlanguzi anapokuja kabla ya Maulidi au kabla ya Idi hupita nyumba hadi nyumba, na kila mshonaji humwambia faraghani kwamba jirani yake amekwisha kubali bei ya chini zaidi. Hakuna anayetoka kwenda kumuuliza huyo jirani, kwa sababu kuuliza bei ni kukiri kwamba unayo kofia tayari, na ukikiri hivyo utaombwa uioneshe, na ukiionesha nakshi yako imekwisha onekana. Kwa hiyo tunanyamaza. Nimelitazama jambo hili kwa muda mrefu, na naona kwamba siri ya nakshi, ambayo tunadhani inatulinda, inamfaa mlanguzi kuliko inavyomfaa mwenye nakshi. Yeye peke yake ndiye anayejua kila nyumba ina nini na imekubali nini.

Wakati huohuo maduka yamejaa kofia za mashine kutoka ng'ambo, zinazouzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kofia ya mkono. Kama ni lazima tumtafute mshindani, basi ni huyo. Na yeye hamnakili mtu mmoja akamwacha mwingine. Hutunakili sote, awe aliyeficha na aliyeonesha, kwa sababu kofia moja tu iliyovaliwa hadharani inamtosha.

Ninachouliza ni hiki. Je, inawezekana watu wa kazi moja, katika mji mdogo kama huu ambao kila mtu anamjua mwenziwe, wakatajiana bei, wakapeana kazi inayomzidi mmoja wao, na wakatajana majina mbele ya wateja, bila ya yeyote kupoteza chake? Naomba tujibizane kwa hoja. Wenye kutaka kutaja watu kwa majina wakawalaumu, hapa si mahali pake.

FUNDI PATASI

Wa alaikum salaam, Bi Mchora. Umesema kwa adabu, nami nitakujibu kwa adabu, lakini sikubaliani nawe, na naomba mtu asiniletee methali ya kidole kimoja na chawa, kwa sababu nimeisikia katika kila mkutano niliowahi kuitwa, na baada ya mkutano kila mmoja hurudi karakanani kwake akafunga mlango.

Mimi ni mchongaji. Nilibeba mbao za ami yangu kwa muda mrefu kabla hajaniruhusu kuishika bobari, na nilipoishika nilianzia pembeni mwa miimo, mahali ambapo kosa halionekani. Mlango wa Kiswahili, kwa asiyeujua, una miimo miwili, una kizingiti cha juu ambacho ndicho hubeba nakshi nzito kuliko zote, na una mfaa katikati unaofunika ufa wa mbao mbili. Kila fundi ana namna yake ya kulikunja jani na kuliunga na ua la pili, na mwenye jicho akipita njiani humtambua fundi kabla hajaulizwa. Huo ndio mtaji wangu. Sina shamba wala jahazi.

Sasa, mteja mmoja alikuja kwangu akapiga picha kizingiti ambacho sijakimaliza, akaniambia anakwenda kumwonesha mwenziwe. Baadaye nikakiona kizingiti kilekile, jani kwa jani, juu ya mlango wa nyumba ya wageni, kimechongwa juu ya mbao laini ambayo mvua mbili zitaila, na kwa bei ambayo mimi nisingeweza kununulia hata ubao wa mbambakofi. Aliyekichonga ni mtu wa kazi hii hii. Unaponiambia niwafungulie wenzangu mlango, nataka kwanza uniambie huyu nimfanyeje.

Jambo la pili ni kwamba mji huu umepambwa na ushindani. Wenye nyumba za mawe hawakusaidiana kupamba nyumba, walitazamana. Mwenye nyumba aliyeona zidaka za chokaa, vile vishubaka vya mapambo, ukutani mwa jirani yake alimwita fundi akamwambia, nataka safu moja zaidi. Ukiingia leo nyumba za zamani ukaziona zile zidaka zilivyopanda safu juu ya safu mpaka karibu na dari, kumbuka kwamba husuda nayo ilichangia chokaa. Mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ya majengo hayohayo. Tukiondoa kushindana tutabaki na kazi ya kuridhiana, na kazi ya kuridhiana huwa mbovu.

MALENGA WA LANGONI

Fundi, husuda imechangia chokaa, sikatai, na sentensi hiyo nitaiiba siku moja. Lakini naona umechanganya mambo mawili, na mashairi ya huku kwetu yanaweza kutusaidia kuyatenganisha, kwa sababu hakuna kazi iliyojaa mashindano katika mwambao huu kama ushairi.

Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa vita vya Kuduhu vilivyomalizikia hapo Shela, washairi wa Mombasa na wa Lamu walirushiana beti kabla ya watu kurushiana mishale. Muyaka bin Haji alisema kwa niaba ya Mombasa, na hapa kwetu Bwana Zahidi Mgumi alikuwa miongoni mwa waliojibu. Huo ni ushindani wa kweli, tena wenye damu ndani yake. Lakini angalia kanuni yake. Anayejibu hulazimika kulihifadhi shairi la adui yake neno kwa neno, achukue vina vyake na mizani yake, kisha ajenge juu yake. Ukilipotosha shairi la mwenzio, jibu lako halina pa kushika. Muyaka alifariki karibu mwaka 1840, na tungo zake nyingi tunazo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuja kuzikusanya miongo kadhaa baadaye kutoka vifuani mwa watu, akishirikiana na mmishonari Taylor. Vifua hivyo vilikuwa vimezibeba muda wote huo, na mashairi ya kujibizana, ambayo moja haliko bila ya jingine, hukaa kifuani kwa wepesi zaidi.

Kisha tuna takhmisi. Mshairi huchukua ubeti wa mwenziwe, mara nyingi mtu aliyetangulia kufa, akaacha vipande vyake viwili kama vilivyo, na juu yake akatunga vipande vitatu vipya vinavyolazimika kuingia katika vile viwili kwa maana na kwa kina. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye hakuna wa Lamu wala Pate asiyemjua kwa utenzi wake mkuu, Al-Inkishafi, alikaa akatunga takhmisi juu ya beti za Fumo Liyongo. Mtu wa daraja yake hakuwa na haja ya kuazima. Na baada yake utenzi wake mwenyewe ukatungiwa takhmisi na mshairi wa Mombasa. Hakuna aliyesema kaibiwa, kwa sababu umbo lenyewe linaonesha kipi ni cha nani: vitatu vyangu, viwili vyake, na jina lake juu.

Nitaje na mtu mmoja ambaye Fundi Patasi atamheshimu, kwa kuwa alikuwa mchongaji. Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu, aliyefariki mwaka 1945 akiwa mzee sana, alichonga milango, alipiga kinanda, alitunga, na mwandiko wake wa hati za Kiarabu ulikuwa wa kupendeza macho. Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi akijitangaza mwenyewe tu. Badala yake alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kunakili tenzi za wengine, ukurasa baada ya ukurasa, kwa ajili ya watafiti kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Alilipwa, naam, wala hakuna ubaya, karatasi na wino si bure. Leo nakala zake ziko London na Ujerumani, na ziko tungo za watu wa Lamu na Pate ambazo tusingekuwa nazo lau mkono wake ungekuwa na choyo.

Kwa hiyo, Fundi, ubaya wa aliyekichonga kizingiti chako hauko katika kukinakili. Aliondoa jina lako na akashusha mbao. Angekuja akakwambia, naomba jani hili nilitie katika kazi yangu, na mteja akauliza asili yake naye akakutaja, ungepungukiwa na nini?

FUNDI PATASI

Ningepungukiwa na kazi ya mteja yule, Malenga. Shairi likinakiliwa lako linabaki nalo. Mlango ukishatiwa ukutani, nyumba ile haihitaji mlango wa pili. Hilo ndilo naomba mlijibu.

MWANA WA MATONDONI

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa naona niingie. Kwetu Matondoni wanaume huunda vyombo na wanawake husuka ukindu, na kazi zote mbili zimenifunza kwamba Fundi ana haki katika swali lake, ila jibu lake linategemea ukubwa wa kazi.

Watu huja Lamu kutazama mashindano ya majahazi na mashua wakadhani ni nahodha kwa nahodha. Chombo kile kiliundwa na fundi mmoja, tanga lilikatwa na mwingine, na siku ya mashindano yako mabaharia wanaoukwea ule ubao unaotokeza nje ya chombo ili uzito wao ukizuie kisipinduke upepo unapokaza. Aliyeshindwa mwaka huu, akirudi pwani, huenda kulitazama tanga la aliyeshinda. Hulipima kwa macho na kwa hatua, humuuliza fundi wake amelikatia wapi, na fundi humwambia. Kwa nini amwambie? Kwa sababu fundi wa matanga anajua kwamba mwakani huyu aliyeshindwa atamletea turubai alikate yeye. Siri ingempa ushindi mmoja, na uwazi unampa wateja wa kijiji kizima. Ushindani wetu ni mkali, na mitaa hununiana baada yake, lakini maarifa yanapita.

Iko kazi nyingine ambayo wengi mliiona kwa macho yenu. Kile chombo cha Flipflopi, kilichoshushwa majini hapa Lamu mwaka 2018, kiliundwa kwa takribani tani 10 za plastiki iliyookotwa, na mbavuni kikavishwa malapa chakavu kama 30,000. Mwaka uliofuata kikasafiri mpaka Zanzibar. Kiongozi wa mafundi alikuwa Ali Skanda, mtu wa hapa, na hakuwa peke yake. Plastiki haina nyuzi kama mti, hutanuka kwa joto na hupinda ambapo ubao ungesimama, kwa hiyo maarifa ya kuunda yaliyorithiwa hayakutosha peke yake, wala ya mtu wa plastiki yasingetosha bila ya fundi anayejua umbo la chombo. Fundi aliyezoea kuficha kipimo chake asingeweza kufanya kazi ile hata wiki moja.

Lakini narudi kwa Fundi. Kwenye mikeka, ambako mnunuzi wa mkeka mmoja anaweza kununua wa pili na wa tatu, kupeana wateja hakuumi. Kwenye mlango mmoja wa nyumba moja kunauma. Nadhani tusilazimishe kanuni moja kwa kazi zote.

UKHTI WA KAMERA

Mimi ni mdogo wenu nyote na kazi yangu ni picha, basi nitasema dogo. Picha zangu za zefe la Maulidi huzikuta katika kurasa za hoteli bila ya jina, na mara mbili tatu walioziweka ni wapiga picha wenzangu waliolipwa kuandaa ukurasa. Nikiwaandikia hunijibu "samahani dada, sikujua ni yako." Sasa tumekubaliana sisi wachache tunaojuana: anayepata kazi ya harusi siku ambayo ameshikwa humpa mwenziwe jina na nambari ya mteja, na hachukui chochote juu yake. Mpaka sasa hakuna aliyevunja. Sijui kama tungekuwa wengi ingekuwa hivi.

MPWANI WA MALINDI

Salaam kutoka Malindi. Swali la Fundi kuhusu mlango mmoja ni zito, na naona limejibiwa kwa mashairi na kwa matanga, lakini halijajibiwa kwa vitabu vya hesabu. Niwaeleze yanayofanywa na wachonga vinyago, ambao wengi wao asili yao ni Ukambani, na ambao wamekuwa na vyama vya ushirika katika pwani hii kwa miaka mingi. Kile cha Changamwe, Mombasa, kilianzishwa mwaka 1963, na hapa Malindi pia wapo.

Utaratibu wao ni mwepesi kuueleza. Kila mwanachama ana namba. Kinyago chake huwekwa katika duka la wote kikiwa na namba hiyo, pembeni ya vinyago vya wenziwe, mara nyingi vya mnyama yuleyule na ukubwa uleule. Mteja huchagua kwa jicho lake. Kikiuzwa, mwenye namba hulipwa, na chama hukata sehemu yake ya kuendeshea duka na soko. Kwa hiyo wanashindana kila siku, rafu moja, twiga kwa twiga, na mvivu hujulikana kwa vumbi lililo juu ya kazi yake. Wasichoshindania ni bei, kwa kuwa mteja hawezi kumwita mmoja nyuma ya duka akamwambia jirani yako amekubali nusu.

Siwasifu kupita kiasi. Vyama hivi vina matatizo yake ya uongozi na ya fedha, kila mtu wa pwani amewahi kuyasikia, na vinyago vyenyewe vimefanana mno mpaka vingine vinachosha macho. Fundi Patasi alisema kuridhiana huzaa kazi mbovu, na katika duka la ushirika hatari hiyo ipo: mtu anajua twiga atauzwa, basi anachonga twiga. Lakini mlanguzi wa Bi Mchora asingepata nafasi pale.

Fundi, agizo la mlango mmoja likija katika utaratibu kama huo, lingeingia kwa chama, na kwenye kitabu pangeandikwa nakshi ni ya namba fulani. Akipewa mwingine kuchonga kwa sababu wewe umeshikwa, wewe unapata sehemu ya mchoro na yeye anapata ya mkono. Hilo linawezekana bila ya mtu yeyote kuwa malaika.

KARANI WA MAHAKAMA MSTAAFU

Mmeigusa haki bila ya kuitaja sheria, na kwa kuwa nilikula chumvi yake, niseme machache.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya sanaa iliyobuniwa na mtu kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kulindwa huko hakutegemei usajili, ingawa anayeisajili kazi yake katika Bodi ya Hakimiliki huwa na ushahidi mwepesi. Kwa hiyo mchoro mpya wa kofia ambao Bi Mchora ameubuni mwenyewe ni wake, na kizingiti cha Fundi vilevile, kwa kadiri ambavyo ni cha ubunifu wake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Ua la yungiyungi, mnyororo, na ile nakshi ya Siyu ya kukatakata iliyotiwa rangi nyekundu na nyeusi havina mwenyewe mmoja. Kwa vitu vya namna hiyo iko sheria nyingine ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inamtambua mwenye mali kuwa ni jamii, na inazipa serikali za kaunti sehemu katika kazi ya kuyasajili. Jamii haiendi mahakamani kama haijui nani ni nani na nani alifanya nini. Mafundi waliofichana maisha yao yote hawawezi kusimama siku moja wakasema "sisi".

Mfano uko karibu. Katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili jina la kikoi, kwa tahajia yake ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara kule. Lingekubaliwa, muuza vikoi wa hapa angehitaji ruhusa kuziita bidhaa zake kwa jina lake katika soko lile. Wenye biashara wa Kenya walipinga kwa pamoja, wakaungwa mkono na mashirika ya nje, na ombi lile halikufanikiwa. Muuza kikoi mmoja mmoja asingeweza kulipa hata barua ya kwanza ya wakili.

Kuhusu kikundi: sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, katiba yenu, na kumbukumbu za mkutano wa kuchagua viongozi. Washona kofia wa mtaa mmoja wanafika idadi hiyo kabla hawajavuka uchochoro.

MCHORA KOFIA

Ahsanteni nyote, na wewe Fundi hasa, kwa sababu bila ya swali lako tungeishia kupongezana.

Nakubaliana na Mwana wa Matondoni kwamba kanuni moja haiwezi kukaa juu ya kila kazi. Nimeyapima maneno yenu juu ya kofia peke yake, na naona mambo ambayo tunaweza kuyaanza kabla ya Maulidi ijayo bila ya kusubiri cheti cha mtu. Bei iwe ya kwanza. Wanaoshona watajiane bei ya chini ambayo hakuna atakayeivuka, na atakayekuja kusema "jirani amekubali" ajibiwe na jirani mwenyewe, kwa simu, papo hapo. Hilo linavunja ujanja wote wa mlanguzi, na wala halimlazimishi mtu kuonesha nakshi yake. Nililiwaza kwa muda kuwa bei na nakshi ni siri moja. Kumbe zinaweza kutenganishwa: mtu akaitangaza bei na akaifunga nakshi sandukuni mpaka siku ya kuiuza, kama roho yake inatulia hivyo.

La majina nimelichukua kwa Malenga na kwa ile namba ya Malindi. Ndani ya ukanda wa kofia, upande usioonekana, panatosha kushonwa alama mbili ndogo, moja ya aliyechora na moja ya aliyeshona. Mshonaji ndiye ninayemwonea uchungu zaidi. Mimi mchoraji husifiwa mara moja moja, lakini yule aliyeyatia macho yake katika matundu yale kwa miezi hatajwi popote, na mnunuzi akiuliza "nani kaishona" dukani huambiwa "akina mama wa Lamu". Hawa wana majina yao, na ubora wa mikono yao haulingani, na aliye bora ana haki ya kutafutwa kwa jina na kulipwa zaidi. Hapo, Fundi, utaona kwamba sikuukimbia ushindani wako. Nimeutaka uwe pale ambapo unaonekana.

Kuhusu kutoa mteja kwa mwenzio, Ukhti ametuzidi sote kwa vitendo, na umri wake mdogo usimfanye aseme kwa sauti ya chini.

FUNDI PATASI

Bi, maneno ya bei nimeyakubali, na ya alama pia, kwa kuwa mimi mwenyewe hutia yangu nyuma ya mfaa. La kuwafungulia watu karakana bado linanikaa kooni, sitadanganya.

Nina jambo jingine la kazi. Nimeagizwa kasha kubwa la harusi, na mteja anataka kifuniko kiwe na nakshi ya kofia, ile ya duara la juu, badala ya maua ya kawaida ya makasha. Nimejaribu kuichora mwenyewe na inatoka kama gurudumu la mkokoteni wa punda. Utanichorea? Jina lako nitalichonga chini ya kifuniko karibu na langu, mbele ya mteja.

MCHORA KOFIA

Nitakuchorea, ami. Nusu ya malipo kabla, nusu ukishakabidhi kasha, na mchoro ukitaka kuutumia tena kwenye kasha la pili tuzungumze upya. Ila duara lenye waridi katikati yuko anayelichora vizuri kuliko mimi, anakaa nyuma ya msikiti mtaani kwetu. Nitampelekea vipimo naye alete wake, uchague mwenyewe, na atakayechaguliwa ndiye alipwe. Nitumie urefu na upana wa kifuniko, na uniambie ni mbao gani, kwa sababu kama ni mbambakofi mistari nitaitanua kidogo, patasi isije ikamega baina ya tundu na tundu.